Samaki wa Jirani

Ijumaa za Kwaresima hugeuza biashara ya chakula Thika na Ruiru. Makongeni ya Thika, zamu ya mchana inapotoka viwandani, bucha huwa na nafasi na mwenye kisu hana haraka. Upande wa pili wa barabara, mama samaki hapati hata muda wa kuketi. Karai la mafuta linachemka juu ya jiko la mkaa, tilapia waliochanjwa ubavuni wamepangwa mezani, na omena inapimwa kwa glasi na kwa gorogoro, kisha inafungwa kwenye gazeti. Ruiru ni vivyo hivyo, pale karibu na steji, watu wanaposhuka kwenye matatu za kutoka Nairobi. Wengine wametoka moja kwa moja kwenye Njia ya Msalaba na rozari bado wameishika mkononi. Wengi wao ni Wakatoliki wa Kiambu, watoto na wajukuu wa watu walioishi na kufa bila kuonja samaki.

Jambo hilo la mwisho ndilo ninalotaka kulitafakari. Kwaresima hutufundisha kuacha. Naamini kwamba katika miji hii miwili imetufundisha pia jambo lililo gumu zaidi, nalo ni kupokea.

Mto Chania na Mto Thika hukutana pembeni mwa mji wa Thika, na Ruiru ina mto wake wenye jina hilohilo. Upande huu wa nyanda za juu haukukosa maji, na katika maji hayo samaki walikuwemo. Lakini Wagikuyu hawakuvua. Wazee walimweka samaki kundi moja na nyoka na chura, na mtu mzima mwenye heshima zake hakupeleka mdomoni kitu cha namna hiyo. Chakula kilitoka shambani: githeri ya mahindi na maharagwe, njahi, nduma, viazi vitamu, ndizi, mukimo. Nyama ilikuwa ya mbuzi na kondoo, nayo ilikuwa na siku zake. Mbuzi alichinjwa kwa ajili ya mahari ya ruracio, kwa kumkaribisha mtoto duniani, kwa kuwapatanisha waliokosana, kwa sadaka chini ya mti wa mugumo. Kula nyama kulikuwa ni kukutana, na aliyekula peke yake alisemwa.

Wamisionari wa Consolata walipofika Tuthu, Murang'a, mwaka 1902, wakapokewa na chifu Karuri wa Gakure, na Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao Mang'u, si mbali na Thika, walikuja na kalenda. Ndani ya kalenda hiyo kulikuwa na Jumatano ya Majivu, siku arubaini, na Ijumaa isiyo na nyama. Sheria ya Ijumaa ilikomaa katika nchi zinazozunguka Bahari ya Kati na kaskazini mwake. Nyama iliyokatazwa ilikuwa ya wanyama wa nchi kavu na ndege, mlo wa karamu na wa watu wenye uwezo. Samaki hakuhesabiwa humo. Nchi zilizokaa mbali na pwani zilimpata akiwa amekaushwa na kutiwa chumvi, hasa chewa wa bahari baridi za kaskazini, aliyeweza kusafiri miezi mingi bila kuoza. Kwa karne nyingi Kwaresima ya Ulaya ilikuwa pia msimu wa biashara ya chumvi na samaki mkavu.

Biashara hiyo ilifuata misalaba na merikebu mpaka mbali sana. Wahispania walianza kuitawala Ufilipino mwaka 1565 na hawakuondoka hadi 1898. Wafilipino wanaishi katika visiwa zaidi ya 7,000, na bahari inayowazunguka imejaa samaki wa kila aina. Hata hivyo, mlo wa heshima wa Juma Kuu katika nyumba nyingi za huko ni bacalao, chewa yuleyule wa chumvi ambaye hajawahi kuogelea katika maji ya Manila. Analowekwa usiku kucha, maji yakibadilishwa mara kwa mara ili chumvi itoke. Kisha anachambuliwa nyuzinyuzi na kupikwa katika mafuta ya zeituni pamoja na vitunguu, vitunguu saumu, nyanya, viazi na pilipili hoho nyekundu. Asiye na uwezo wa kumnunua hupika samaki mkavu wa kwao kwa namna hiyohiyo. Nyanya na viazi vilitoka Amerika, mafuta yalitoka Hispania, samaki alitoka Atlantiki ya kaskazini. Sufuria moja ya Ijumaa Kuu imebeba ramani ya dola nzima.

Ninapofikiria sufuria hiyo naona jinsi imani inavyosafiri na jiko lake, na jinsi watu waliotawaliwa wanavyoweza kukichukua chakula cha mtawala, wakakipika upya, wakakifanya urithi wa bibi zao. Leo hakuna Mfilipino anayeihesabu bacalao kuwa ya mgeni. Lakini naona pia kwamba kwetu mambo yalikwenda kinyume. Ufilipino ililetewa Ijumaa na samaki wake. Sisi tuliletewa Ijumaa peke yake.

Waumini wa kwanza wa Gikuyu walitii bila shida. Ijumaa walikula githeri, kama walivyokula githeri Alhamisi. Kumwambia mkulima wa Gatundu au kibarua wa shamba la kahawa la Ruiru aache nyama mara moja kwa juma kulikuwa ni kumwambia aache kitu ambacho huenda hakukiona mwezi mzima. Sheria iliyotungwa ili tajiri ajue njaa ilifika kwa watu walioijua njaa tayari. Walimpa Mungu utii wao, na utii huo ulikuwa na thamani. Ila Ijumaa haikuwagusa mezani.

Samaki aliletwa na watu wengine kabisa, na kwa njia ambayo hakuna katekista aliyeipanga. Reli ya kutoka pwani ilifika Kisumu mwaka 1901, na tawi la Thika likafunguliwa 1913. Kwanza ilibeba kahawa na mkonge. Baadaye mashamba ya mananasi yalipoenea na viwanda vya nguo, mafuta na vyuma vilipojengwa, Thika ikahitaji mikono mingi kuliko ile iliyokuwepo. Wajaluo na Waluhya walikuja, Wakamba walikuja kutoka ng'ambo ya Athi, na kila mmoja alikuja na ulimi wake. Mjaluo aliyepanga chumba kimoja Thika hakuweza kuleta Ziwa Victoria, lakini aliweza kuleta kile ambacho jua la ziwa lilikuwa limekihifadhi: obambla aliyepasuliwa na kuanikwa, na omena, samaki mdogo kuliko kidole, aliyekauka mpaka akawa mwepesi. Havikuhitaji barafu. Vilisafiri ndani ya gunia, juu ya basi la usiku, vikafika asubuhi vikiwa salama.

Hivyo ndivyo Ijumaa yetu ilivyopata samaki wake. Kwa muda mrefu Mgikuyu alipita karibu na samaki huyo akiziba pua. Omena ilifanyiwa mzaha mashuleni na kwenye ploti, na mzaha huo haukuwa wa chakula tu. Ulimlenga mlaji. Nani aliyekuwa wa kwanza kuvuka? Nadhani walikuwa ni majirani wa ploti, wanawake waliochota maji kwenye bomba moja, ambao watoto wao walikula popote walipokuta sahani. Mtoto alirudi nyumbani akinuka mchuzi wa kwa jirani, na mama yake akaulizia unavyopikwa. Kwanza omena inachambuliwa, mawe na mchanga vikatolewa. Inaoshwa kwa maji ya moto, inachujwa, inakaangwa hadi inapiga kelele kwenye sufuria, ndipo vitunguu, nyanya na dania vinafuata. Wajaluo wengi humalizia kwa maziwa. Wengi wa kwetu tunaipenda ikiwa kavu, na ugali, na managu pembeni. Kwaresima ilikuta mlango umeshafunguliwa na wanawake hao, ikaingia.

Serikali nayo ilisukuma. Kituo cha samaki cha Sagana kilianzishwa mwaka 1948, na mwaka 2009, katika mpango wa kufufua uchumi, mabwawa yenye ukubwa wa mita za mraba 300 yalianza kuchimbwa, 200 kwa kila eneo bunge katika maeneo 140, nyanda za juu zikiwemo. Mengi yalikauka baada ya fedha kuisha. Ila yaliacha jambo moja: mkulima wa Gikuyu alimfuga samaki kwa mkono wake, akamtazama akikua, na hofu ya nyoka ikapungua.

Omena huvuliwa usiku usio na mwezi. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, samaki wakaja kwenye mwanga, nyavu zikawazoa. Alfajiri mashua zinapofika ufukweni, kazi inahamia mikononi mwa wanawake. Wao ndio wanaonunua kwa wavuvi, wanaoanika juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani, wanaogeuza, wanaokimbia kufunika mvua inapotishia. Ikinyeshewa na mvua, omena inaharibika na inaenda kuwa chakula cha kuku. Sehemu kubwa ya omena huishia huko hata hivyo, viwandani kunakotengenezwa chakula cha mifugo. Ile iliyopona jua na mvua ndiyo inayofika soko la Gikomba, Nairobi, kisha Thika na Ruiru. Muulize anayeipima, “Mama, hii imetoka wapi?” na atakutajia ufuko kama anayetaja ukoo wake: “Hii ni ya Usenge, mwanangu. Haina mchanga.”

Na ziwa lenyewe hufunga. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, uvuvi wa omena upande wa Kenya husimamishwa ili samaki wazaane. Pasaka inapochelewa, Juma Kuu huangukia ndani ya marufuku hiyo. Mvuvi wa Usenge anaweka nyavu zake juu wakati uleule Mkristo wa Ruiru anapoacha nyama. Mmoja anaacha ili ziwa lipate nguvu, mwingine anaacha ili roho ipate nguvu, na kwa mvuvi kuacha huko kunamaanisha miezi ya kutafuta riziki mahali pengine. Nikiuliza ni nani kati yao anayefunga kwelikweli, sina ujasiri wa kumtaja wa Ruiru.

Maana kufunga kwetu kuna hatari yake. Tangu Papa Paulo VI alegeze taratibu mwaka 1966, na Sheria za Kanisa za 1983 zilipozipanga upya, mzigo si mzito. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu ni siku za kufunga kwa watu wazima hadi wanapoanza mwaka wao wa sitini, na kuacha nyama ni wajibu kuanzia miaka kumi na minne. Mtu anaweza kuitimiza sheria hiyo yote akiwa ameketi mbele ya tilapia mzima wa kukaanga, na chipsi, na soda baridi. Ruiru imekua haraka. Barabara kuu ya Thika ilikamilika mwaka 2012, na sensa ya 2019 ikahesabu zaidi ya watu 490,000 katika mji ambao wazee wanaukumbuka kama mashamba ya kahawa. Mahoteli yake yanajua kalenda ya Kanisa vizuri. Samaki mkubwa wa Ijumaa mara nyingi humgharimu mlaji kuliko nyama aliyoiacha. Sheria imetimizwa, tumbo limeshangilia, na maskini hajapata chochote.

Nabii Isaya, katika sura ya 58, aliwakemea watu waliofunga huku wakiwaonea wafanyakazi wao. Aliwaambia mfungo ambao Mungu anautaka ni kufungua minyororo, kugawana chakula na mwenye njaa, kumkaribisha nyumbani asiye na makao. Ndiyo sababu jumuiya zetu ndogo ndogo, zinapokutana nyumba kwa nyumba kujadili Kampeni ya Kwaresima ya maaskofu wetu, hupitisha bahasha. Kilichookolewa mezani kinastahili kumfikia mtu. Kwa kipimo hicho naiheshimu omena kuliko samaki yeyote wa Ijumaa. Bei yake inaacha kitu cha kutia kwenye bahasha.

Kuna samaki mwingine anayenifundisha habari za haki. Sangara, ambaye kwetu tunamwita mbuta, alipandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, akawameza samaki wengi wa asili, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala. Viwanda vilijengwa kandokando ya ziwa, minofu ikakatwa, ikagandishwa, ikapelekwa Ulaya. Kilichobaki kilikuwa kichwa, mkia na uti wa mgongo uliokwanguliwa. Wakenya walikipa jina la mgongo wazi, wakakikaanga, wakakila. Huenda kuna Ijumaa ambayo familia ya Kikatoliki huko Ulaya ilikula mnofu wa mbuta kwa toba, na siku hiyohiyo familia iliyoishi mita chache kutoka ziwani ikafyonza mifupa ya samaki yuleyule. Familia zote mbili ziliacha nyama. Moja tu ndiyo iliyochagua.

Nimefika sasa kwenye jambo ambalo Kwaresima ya Kiambu haina haki ya kulikwepa. Mwaka 2008 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 6 Februari. Nchi ilikuwa inaungua kwa sababu ya uchaguzi wa Desemba. Zaidi ya watu 1,100 walikufa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilikuwa limechomwa siku ya mwaka mpya likiwa na Wagikuyu waliokimbilia humo. Reli ya kwenda magharibi ilikuwa imeng'olewa Kibera. Hapa Kiambu, Wajaluo na Waluhya waliokuwa wakichuma chai na maua walilala kwenye uwanja wa kituo cha polisi cha Tigoni, wakiwaogopa watu waliofanya kazi nao na kusali nao. Walioleta samaki katika nyanda za juu waliambiwa warudi ziwani.

Majivu yaliwekwa kwenye mapaji ya nyuso Jumatano hiyo. Tuliambiwa tutubu na kuiamini Injili. Ijumaa zikapita moja baada ya nyingine, na msuluhishi Kofi Annan akawa bado mezani na pande mbili za uchaguzi huo. Mkataba wa Kitaifa ulitiwa saini na Mwai Kibaki na Raila Odinga siku ya Alhamisi, tarehe 28 Februari. Kesho yake ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima. Nakumbuka tarehe hizo kila mwaka ninapomwona mtu wa kwetu akinyoosha mkono kupokea omena kutoka kwa mama wa Siaya, na naona kwamba mkono huo una historia. Ungeweza kuwa umeshika kitu kingine.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miaka mingi nilidhani ni maneno ya ukarimu tu, ya kumfanya mgeni ajisikie vizuri. Samaki wa Thika amenifanya niyasome kwa uzito wake wote. Mwenyeji alikuwa na Ijumaa tupu, na mgeni akaijaza. Mwenyeji alikuwa na mwiko uliomfungia nusu ya chakula cha nchi yake, na mgeni akamfungulia. Ni mwenyeji aliyeponywa.

Injili zenyewe zimenuka samaki tangu mwanzo. Mitume wanne wa kwanza walikuwa wavuvi wa ziwani. Magdala, mji unaotajwa kuwa kwao Maria Magdalena, ulijulikana kwa kutia samaki chumvi na kuwapeleka masoko ya mbali, hivi kwamba shahidi wa kwanza wa Pasaka alitoka mji wa samaki wakavu. Na Yohana, katika sura yake ya mwisho, anamwonyesha Bwana mfufuka ufukweni alfajiri, amewasha moto wa makaa, samaki wako juu yake, akiwaita wafuasi waliomkana na kumkimbia waje wale. Hakuanza na hotuba. Alianza kwa kuwalisha. Petro alilazimika kupokea samaki kutoka katika mkono alioukana kabla ya kuulizwa kama anampenda.

Hapo ndipo naona maana ya Ijumaa yetu. Kuacha nyama ni jambo ambalo mtu anaweza kulifanya peke yake, mlango ukiwa umefungwa, na akajivuna. Kupokea kunahitaji mtu wa pili. Kunanilazimisha nikiri kwamba sikujitosheleza, kwamba kuna mwanamke aliyekesha akisubiri mashua ili mimi nitimize mfungo wangu, kwamba lugha yake na ya mama yangu hazifanani lakini sufuria zetu zinafanana. Mgikuyu anayekula omena ameacha kitu kizito kuliko nyama. Ameacha dharau aliyorithi.

Kwa hiyo naomba jambo la wazi. Kwaresima ya mwaka 2027 inaanza tarehe 10 Februari. Uchaguzi mkuu, ambao Katiba yetu imeuweka Jumanne ya pili ya Agosti, ni tarehe 10 mwezi huo. Ni miezi sita kamili kati ya majivu na kura. Wanasiasa watakuja Thika na Ruiru, na baadhi yao watatumia maneno ya zamani kuhusu watu wa ziwa, kwa mafumbo ambayo kila mtu anayaelewa. Jumuiya zetu zitakapokaa kujadili Kampeni, ziulize ni akina nani wanaotulisha, majina yao ni nani, wanalala wapi, na mwaka 2008 walikimbilia wapi. Wazazi wasikubali mzaha wa omena mezani pao. Padre anayehubiri kuhusu kujinyima awahubirie waumini wake pia kuhusu meza ya jirani. Na mimi na wewe tukipewa kipaza sauti au kundi la simu ambamo sumu inasambazwa, tukatae palepale, kwa jina letu, bila kungoja mwingine aanze. Hakuna anayeweza kula samaki wa jirani siku ya Ijumaa, akamfukuza jirani huyo siku ya Jumanne, kisha akadai kwamba alifunga.